"Jumapili natembea kwa dada": rufaa moja ya PIP iliyoamuliwa mara mbili

Majina, mji na tarehe kamili vimeondolewa, na baadhi ya mambo ya kifamilia yamebadilishwa ili mhusika asitambulike. Sheria na pointi za PIP (Personal Independence Payment, malipo ya serikali kwa wenye ulemavu) ni zile zinazotumika England na Wales, na viwango vya malipo ni vya 2025/26. Uskoti ina malipo yake na taratibu zake, kwa hiyo anayeishi huko asizifuate hatua hizi kama zilivyo.

Usuli

Mrufani, tumwite Bi. M, ana miaka 50 na kitu. Alifanya usafi katika nyumba ya kutunzia wazee hadi baridi yabisi ilipomtoa kazini. Ugonjwa umeshika vidole, vifundo vya mikono, magoti na nyayo. Anatumia methotrexate, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, na anapimwa damu mara kwa mara. Kiingereza chake kinamtosha dukani na kwenye basi. Kwa daktari huenda na mtu.

Aliomba PIP, malipo yaliyoanza 2013 kwa watu wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Yana sehemu mbili: maisha ya kila siku, yenye shughuli 10, na mwendo, wenye shughuli 2. Kila shughuli ina ngazi zenye pointi. Pointi 8 katika sehemu moja huleta kiwango cha kawaida, na pointi 12 huleta kiwango cha juu. Ugonjwa wenyewe hauna pointi. Kinachopimwa ni kama mtu anaweza kuifanya shughuli kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda ambao mtu asiye na maradhi angetumia. Hali hiyo iwe imemkuta zaidi ya nusu ya siku zote. Tatizo likimshika kwa sehemu ya siku isiyo ndogo mno, siku hiyo inahesabiwa, hata kama mchana alikuwa na nafuu. Kanuni hii ya mwisho itarudi huko mbele.

Kilichotokea kabla ya rufaa

Fomu ya maombi ilijazwa na binti wa kaka yake, aliyekulia Uingereza. Kiswahili cha binti huyu ni cha sebuleni: anaelewa karibu kila kitu, lakini hajawahi kutafsiri kwa kazi. Tathmini ilifanyika kwa simu ikiwa kwenye spika, shangazi akijibu na binti akitafsiri. Hakuna aliyeomba mkalimani, ingawa ilikuwa haki yake kumwomba.

Ripoti ilipotoka, sentensi mbili ndizo zilizoubeba uamuzi. Ya kwanza ilisema kwamba kila Jumapili Bi. M hutembea kwa miguu hadi nyumbani kwa dada yake. Ya pili ilisema kwamba ugumu wa viungo humshika hadi saa 11 alfajiri, kisha huachia.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona kilichotokea. Bi. M alisema, "Jumapili natembea kwa dada," maana yake anakwenda kumwona. Binti alitafsiri neno kwa neno, na kumtembelea mtu kukawa mwendo wa miguu. Kisha akasema, "Mikono haifungi mpaka saa tano." Tano ikapita simuni kama tano ya saa ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Ugumu unaomtesa hadi karibu na mchana ukaandikwa kuwa unaisha kabla hajaamka.

Idara ya Kazi na Pensheni, DWP kama wengi wanavyoiita, ilimpa pointi 4 za maisha ya kila siku: 2 za kupika kwa kutumia kifaa na 2 za kuvaa kwa kutumia kifaa. Kwenye mwendo alipata pointi 4, yaani anaweza kwenda zaidi ya mita 50 lakini si zaidi ya 200. Hakuna sehemu iliyofika 8, kwa hiyo hakulipwa kitu. Ndani ya mwezi mmoja aliomba uamuzi uangaliwe upya, na barua ya majibu ikarudi na pointi zilezile.

Uamuzi wa kwanza: tiki kwenye kisanduku

Rufaa hupelekwa kwa baraza huru, si kwa DWP, kwa fomu SSCS1 au kwa mtandao. Muda ni mwezi mmoja tangu tarehe ya barua ya kuangaliwa upya. Anayechelewa anaweza kuomba aongezewe, mwisho miezi 13 kwa jumla, ila aeleze sababu. Bi. M aliwahi.

Fomu inauliza kama mrufani anataka kushiriki kikao. Wakaweka tiki kwenye hapana. Sababu zao zilikuwa tatu, na hakuna hata moja ya kipuuzi: neno "hakimu" lilimtisha shangazi, binti hakuwa na ruhusa kazini, na wote wawili waliamini kwamba njia ya karatasi ni ya haraka zaidi. Sehemu ya mkalimani waliiacha wazi, kwa kuwa kikao hakikuwepo.

DWP ilitoa majibu yake, na jalada la rufaa likaja nyumbani likiwa na kurasa zaidi ya 100, zote zikiwa na namba. Ndani mlikuwa na fomu ya maombi, ripoti ya tathmini, barua za uamuzi na hoja za DWP. Liliwekwa juu ya kabati. Zile sentensi mbili zilikuwa zimechapwa humo, na kama binti angezisoma angezitambua mara moja.

Jopo la watu watatu (hakimu, daktari na mjumbe mwenye uzoefu wa ulemavu) lilisoma jalada bila kumwona mtu na kuikataa rufaa. Pointi zilibaki 4 na 4.

Inafaa kulitazama jalada kwa macho ya jopo lile. Fomu ilisema: "Siwezi kutembea mbali, naumwa sana." Haikutaja mita, dakika, wala mahali anaposimama kupumzika. Ripoti ilisema jambo mahususi: Jumapili, kwa dada, kwa miguu. Barua ya daktari wa familia ilikuwa na mistari minne ya jina la ugonjwa na dawa. Neno mahususi likikutana na neno la jumla, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa, la mahususi ndilo hushinda. Jopo halikujua hata nyumba ya dada iko umbali gani. Iko maili moja na nusu. Kama kungekuwa na mtu wa kuulizwa, swali hilo moja lingetosha kuitilia shaka sentensi nzima.

Jinsi kesi ilivyofunguliwa tena

Binti alikwenda kwenye kituo cha ushauri wa bure wiki ya tatu baada ya uamuzi. Hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu hatua ya kwanza ina muda wa mwezi mmoja: kuomba maelezo ya maandishi ya sababu za uamuzi. Anayeukata uamuzi bila maelezo hayo huwa na kazi ngumu sana.

Mshauri alianza na njia ambazo hakuzitumia. Kuomba uamuzi ufutwe chini ya kanuni ya 37 kunahitaji kasoro kama vile waraka kutofika, au mtu kukosa kikao, au utaratibu kukiukwa. Bi. M alikuwa amechagua karatasi mwenyewe, na nyaraka zote zilifika. Kusema "tulikosea kuchagua" si sababu. Kuanza maombi mapya kuliwezekana, lakini malipo yangehesabiwa kuanzia tarehe ya maombi mapya, na miezi yote iliyopita ingepotea.

Ikabaki kosa la kisheria. Kanuni ya 27 ya taratibu za baraza, za mwaka 2008, inasema kikao ndiyo kawaida. Kuamua bila kikao kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: kila upande uwe umekubali au haukupinga, na baraza lenyewe liridhike kwamba linaweza kuamua bila kikao. Watu wengi hulijua la kwanza tu. Tiki ya mrufani haimalizi mambo, kwa maana jopo linatakiwa kujiuliza kama karatasi zilizo mbele yake zinatosha.

Maelezo ya sababu yalipofika, yalisema mrufani alichagua uamuzi wa karatasi, basi. Hayakugusa jambo la pili. Hayakusema lolote juu ya mgongano kati ya fomu na ripoti, ingawa ripoti yenyewe ilionyesha kwamba aliyetafsiri ni ndugu. Wala hayakueleza kama mwendo huo wa Jumapili ungeweza kurudiwa siku hiyohiyo. Mshauri aliandika ombi la ruhusa ya kukata rufaa Baraza la Juu (ngazi iliyo juu ya baraza lililoamua), kurasa mbili, akitaja makosa hayo matatu kwa namba za aya. Hakuandika kwamba Bi. M ni mgonjwa sana. Kwenye hatua hii hoja hiyo haina uzito, na kwa kweli huwapa wasomaji sababu ya kudhani mwombaji anabishana na ukweli uliokwisha kupimwa.

Ombi la namna hiyo likifika, baraza la ngazi ya kwanza linatakiwa kwanza kufikiria kama lipitie uamuzi wake lenyewe. Hakimu aliona kosa la kisheria, akaufuta uamuzi, akaagiza kikao mbele ya jopo jingine. Suala halikufika juu.

Maandalizi

Hapa ndipo kazi ilipofanyika, na haikuwa ya kuandika mengi.

Binti na shangazi walilisoma jalada zima kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Kila palipokuwa na neno lisilo kweli waliandika namba ya ukurasa na jibu la sentensi moja au mbili. Kisha wakapima. Kutoka mlangoni hadi nguzo ya taa ya pili ni mita 40. Bi. M alifika kwa fimbo akiwa amesimama mara mbili, akapumzika zaidi ya dakika kumi kabla ya kurudi, na hakutoka tena siku ile. Shemeji, yaani mume wa dada, aliandika barua fupi: yeye ndiye humchukua kwa gari kila Jumapili, huegesha mbele ya mlango, na humshika mkono hadi kwenye kiti.

Rekodi za kliniki ziliombwa bila malipo. Kati ya kurasa nyingi za vipimo vya damu kulikuwa na mstari mmoja: kiganja kilichoungua kwa maji ya moto, miezi miwili kabla ya uamuzi wa DWP. Tarehe ndiyo thamani yake. Baraza haliruhusiwi kuzingatia hali iliyoanza baada ya siku ya uamuzi unaopingwa. Barua iliyoandikwa baadaye inakubalika, ilimradi inazungumzia hali ya wakati ule. Kuzidiwa kwa baadaye ni jambo la maombi mengine.

Mkalimani aliombwa kwa maandishi. Baraza humleta na kumlipa lenyewe, na ndugu hawatafsiri kikaoni. Waliandika lugha na pia lahaja. Hilo si urembo, kwa sababu mtu wa Bukavu na mtu wa Lamu wakipewa mkalimani yeyote "wa Kiswahili" wanaweza kuanza kikao kwa kusahihishana. Mkono ni neno zuri la kuanzia: ni kiganja au ni kuanzia begani? Ripoti ya simu ilikuwa imeandika kwamba mabega hayana shida, kana kwamba kuna aliyelalamikia mabega.

Kikao

Kilifanyika ana kwa ana, katika chumba chenye meza na viti, bila joho wala wigi. Vikao vya simu na video vipo pia, lakini mshauri aliomba chumba kwa sababu kosa la awali lilizaliwa simuni. DWP haikutuma mtu. Mkalimani alimwita Bi. M "mama", akamweleza kwamba atatafsiri kila neno, hata yale asiyotaka yatafsiriwe.

Hakimu alianza na Jumapili. Mkalimani, kabla ya kutafsiri jibu, aliomba ruhusa ya kueleza kwamba neno lililotumika lina maana mbili. Hakimu akamwomba Bi. M aeleze safari yenyewe tangu anapofungua mlango wake.

"Shemeji anapiga honi. Nashuka ngazi mbili, nashika ukuta. Gari liko hapohapo."

"Ukifika?"

"Ananishika, naingia, nakaa. Siinuki mpaka chakula."

Daktari aliuliza juu ya asubuhi. Bi. M akajibu "saa tano", na mkalimani akasema saa 5 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, yaani 11 kwa saa ya Kiingereza. Daktari aliandika, akauliza ni siku ngapi kwa wiki. "Sita. Siku moja hivi naamka mwepesi." Siku sita kati ya saba ni zaidi ya nusu, na ugumu unaodumu asubuhi nzima si sehemu ndogo ya siku. Kuoga na kuvaa huangukia humohumo.

Mjumbe wa ulemavu alimuuliza jinsi anavyomwaga maji ya viazi. Alijibu kwamba hamwagi tena, na akafunua kiganja bila kuombwa. Jopo haliruhusiwi kumpima mtu mwili, lakini halikatazwi kutazama. Chupa ya maji aliyowekewa mezani ilibaki haijafunguliwa muda wote, na hilo liliingia kwenye maelezo. Kuhusu kuungua alielekezwa ukurasa wa rekodi, na tarehe ikakubaliana.

Dakika 50, kisha wakasubiri nje.

Matokeo

Kupika akisaidiwa, 4. Kusaidiwa kuingia na kutoka bafuni, 3. Kifaa chooni, 2. Kusaidiwa kuvaa sehemu ya chini ya mwili, 2. Jumla 11, kiwango cha kawaida. Mwendo: zaidi ya mita 20 lakini si zaidi ya 50, kwa fimbo, pointi 10, kiwango cha kawaida pia.

Kwa viwango vya 2025/26 hiyo ni pauni 73.90 na 29.20, jumla 103.10 kwa wiki, ikilipwa kila wiki nne kama pauni 412.40. Malimbikizo yalihesabiwa tangu maombi ya kwanza, karibu wiki 87. Kwa viwango hivyo hesabu inafika pauni 8,969.70, na kiasi halisi kilipungua kidogo kwa kuwa sehemu ya muda iliangukia mwaka wa viwango vya chini. DWP ilikuwa na mwezi mmoja wa kuomba sababu, haikuomba.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kikao kilishinda na karatasi zilishindwa. Hiyo ni nusu ya kweli. Mita, barua ya shemeji na mstari wa rekodi vilikuwa karatasi, na vingeweza kuingia jaladani tangu mwanzo. Kama vingekuwepo, huenda jopo la kwanza lingempa kitu, au lingesimamisha shauri na kuagiza kikao, jambo lililo ndani ya uwezo wake. Karatasi ilishindwa kwa sababu jaladani mlikuwa na mgongano ambao hakuna aliyeujibu.

Kosa kubwa zaidi kwa hiyo si ile tiki. Fomu hujazwa kabla jalada halijafika, kwa hiyo mrufani anachagua bila kujua upande wa pili utasema nini. Ila uchaguzi huo unabadilishika: hadi uamuzi utolewe, barua moja kwa baraza yenye namba ya rufaa inatosha kuomba kikao. Jalada likifika, lisomwe kwanza, ndipo tiki ithibitishwe au ibadilishwe. Likiwa na sentensi moja inayosema mrufani anafanya jambo ambalo yeye anasema hafanyi, kikao.

Zipo rufaa zinazofaa karatasi. Mgogoro wa tafsiri ya sheria, tarehe ya kuanza malipo, deni ambalo pande zote zinakubaliana juu ya kilichotokea: huko mtu hana cha kuongeza kwa mdomo. Ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asiweze kabisa kuketi mbele ya jopo ni sababu nzuri pia, ingawa simu, au mwakilishi kwenda peke yake, vifikiriwe kwanza. Woga wa neno "hakimu" si sababu hiyo.

Hatari moja haikumhusu Bi. M, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kupoteza. Anayepinga kiwango alichokwisha pewa ajue kwamba jopo linaweza kukishusha, kwa kikao au kwa karatasi. Kikaoni hakimu huonya, na mrufani hupata nafasi ya kutafakari papo hapo.

Kwenye ukalimani, binti hakufanya uzembe. Alifanya kile ambacho kila mtoto wa familia yetu hufanya akipewa simu. Dosari ni kwamba ripoti ilitaja ndugu kuwa ndiye mtafsiri, na kuanzia hapo hadi jopo la kwanza hakuna aliyelichukua hilo kama sababu ya kuuliza mara ya pili.

Kikao nacho kilikuwa na upungufu wake. Kwenye swali la dawa, fomu ya mwanzo ilijibiwa "hakuna shida", na jibu hilo halikusahihishwa kwenye ile orodha ya kurasa. Ukweli ni kwamba kila Jumamosi jioni binti huja kumbonyezea vidonge vya wiki nzima kutoka kwenye karatasi zake za bati na kumpangia kwenye kisanduku chenye siku saba, kwa sababu vidole havina nguvu. Kuhitaji msaada wa kudhibiti dawa kuna pointi 1. Baraza halilazimiki kuchunguza jambo ambalo rufaa haikuliibua, na siku ile halikuulizwa. Kama pointi hiyo ingekubaliwa, 11 ingekuwa 12, na 73.90 ingekuwa 110.40: pauni 36.50 zaidi kila wiki.